Swali Likipinda, Jibu Hupinda

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)

Naomba tuanze na mfano.

Binti wa miaka 18 amefikishwa hospitali usiku wa manane huku akivuja damu. Kulipopambazuka amekwisha kusafishwa na ameongezewa damu, lakini hana nguvu hata ya kuketi. Anakuja mdadisi na karatasi zake mkononi, anasimama miguuni pa kitanda. Kitanda cha jirani kiko hatua moja tu, na wamelala wagonjwa wawili. Mdadisi anauliza kwa sauti ya kawaida: "Mimba uliitoa au ilitoka yenyewe?" Binti anatazama dari. Anajibu: "Ilitoka." Mdadisi anaweka alama ya vema kwenye kisanduku, anakwenda kitanda cha pili.

Alama ile itapanda. Itajumlishwa wilayani, itajumlishwa mkoani, itafika wizarani. Siku moja tutaisoma gazetini ikiitwa takwimu, na mtu mwenye cheo atasema kwamba tatizo hili kwetu ni dogo. Katika safari yote hiyo aliyesema uongo ni mmoja tu, yule binti, na sioni ni nani miongoni mwetu atakayethubutu kumlaumu.

Ninazungumzia utafiti kuhusu utoaji mimba na afya ya wanawake. Najua wapo watakaotaka kwanza niseme niko upande gani, wa kuruhusu au wa kukataza. Leo sitalisema hilo. Sababu yangu si woga. Ni kwamba pande zote mbili hutumia takwimu, na mara nyingi hakuna upande unaouliza takwimu hizo zilipatikanaje. Hoja yangu ni ndogo, nayo ni hii: jibu haliwezi kuwa bora kuliko swali lililolizaa.

Tuitazame sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, kifungu cha 150, inampa anayemtoa mwanamke mimba adhabu inayoweza kufika miaka 14 jela. Kifungu cha 151 kinampa mwanamke mwenyewe adhabu inayoweza kufika miaka 7. Kifungu cha 230 kinamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuyaokoa maisha ya mama. Sasa mrudieni yule mdadisi. Yeye anadhani ameuliza swali la utafiti. Binti amesikia akiulizwa kama yuko tayari kwenda jela.

Halafu ipo lugha yenyewe. Tukisema "kutoa mimba", yupo mtu aliyetenda. Tukisema "mimba imetoka" au "imeharibika", mtendaji hayupo tena. Tena wapo wanawake wasiotumia neno lolote kati ya hayo. Mmoja atakwambia siku zake zilichelewa, akanywa dawa, zikarudi. Huyo ukimuuliza kama amewahi kutoa mimba atakujibu hapana, na moyoni mwake hajakudanganya. Dodoso lililotungwa ofisini kwa lugha ya kigeni, kisha likatafsiriwa haraka haraka usiku wa kuamkia kazi, halina kisanduku cha mama huyo.

Je, swali laweza kuulizwa vingine? Limekwisha kuulizwa, tena hapa hapa Dar es Salaam. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Vibeke Rasch, daktari kutoka Denmark, pamoja na wenzake, Watanzania wakiwamo, walifanya utafiti katika Hospitali ya Temeke kwa wanawake waliolazwa kwa sababu ya mimba kutoka. Walichagua njia ya mazungumzo ya upole na huruma, mtu akapewa nafasi ya kueleza hali yake badala ya kubanwa kwa ndiyo au hapana. Matokeo waliyachapisha mwaka 2000: zaidi ya nusu ya wanawake wale walieleza kwamba mimba ilitolewa. Wanawake wale wangekabidhiwa kwa mdadisi wetu wa miguuni pa kitanda, sidhani kama angepata nusu ya majibu hayo.

Lakini hata huruma ina mipaka yake. Ukiketi na kila mwanamke aliyeko wodini, bado hujamwona yule ambaye hakufika wodini. Kwa hiyo anayetaka kujua "ni wangapi?" hana budi kutumia njia nyingine. Ndivyo walivyofanya watafiti wa Taasisi ya Guttmacher ya Marekani pamoja na wenzao wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wa Chuo Kikuu cha Muhimbili. Hawakumuuliza mwanamke hata mmoja. Waliuliza vituo vya afya vimewatibu wangapi, kisha wakawauliza watu wenye uzoefu wa jambo hili: kati ya wanawake wanaotoa mimba, wangapi hudhurika, na kati ya hao wangapi hufika kutibiwa? Kutokana na majibu hayo wakapiga hesabu. Wakakadiria kwamba mwaka 2013 mimba zilizotolewa Tanzania zilikuwa kiasi cha 405,000, yaani 36 kwa kila wanawake 1,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Waliotibiwa kwa madhara yake walikuwa kiasi cha 66,000. Zanzibar kiwango kilikuwa kama 11 kwa kila 1,000, na Kanda ya Ziwa kama 51.

Takwimu hizo zina manufaa makubwa. Zinamwambia mganga mkuu mahali pa kupeleka vifaa, damu na wauguzi. Lakini tuzipe kazi yake, tusizipe isiyo yake. Ni makadirio. Namba ya waliotibiwa imetoka vituoni, na sehemu iliyobaki inategemea maoni ya watu waliobobea. Tena hazisemi neno lolote juu ya sababu. Mtu akizishika mkononi na kutangaza kwamba wasichana wa siku hizi wameharibika, au kwamba wote wamerubuniwa na wanaume wakubwa, ajue hayo ameyatoa mfukoni mwake mwenyewe.

Kwa sababu swali la "kwa nini?" huulizwa kwa njia yake. Margrethe Silberschmidt, akishirikiana na yule yule Rasch, alizungumza kwa kirefu na wasichana 51 wa Dar es Salaam waliokuwa wametoka tu kutolewa mimba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Wasichana 51 ni wachache mno kwa kuhesabia nchi, na mtu wa takwimu anaweza kucheka. Lakini wachache hao walisema jambo ambalo laki nne za makadirio haziwezi kulisema. Walionekana kuwa waathirika, ndiyo, na hapo hapo walikuwa watu wenye hesabu zao, wanaochagua, wanaotazamia kitu kutoka kwa wanaume waliowazidi umri. Kama dodoso lingeuliza tu "nani alikurubuni?", nusu hiyo ya pili isingejulikana kamwe. Tungeandaa mradi wa kuwaokoa watu ambao hatujawasikiliza.

Lipo swali la tatu, nalo hutumiwa vibaya kuliko yote: "Baadaye huwaje?" Kwa muda mrefu tafiti nyingi ziliwalinganisha wanawake waliotoa mimba na wanawake waliojifungua. Wa kwanza wakionekana wana huzuni zaidi, lawama inabebeshwa utoaji mimba. Jamani, yule aliyebeba mimba aliyoitamani, mume yuko na chumba kimelipiwa, na yule aliyeachwa siku ile ile alipotaja kwamba hajaziona siku zake, walianzia mahali pamoja? Diana Greene Foster wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ndiye aliyelinyoosha swali hilo. Kati ya mwaka 2008 na 2010, yeye na wenzake waliwaandikisha karibu wanawake 1,000 katika kliniki 30 za Marekani. Wote walikwenda wakitaka kutoa mimba. Wengine walihudumiwa, wengine walikataliwa kwa kuwa mimba ilikwisha kupita umri unaokubaliwa na kliniki. Wakafuatiliwa miaka 5. Haikuonekana kwamba waliotoa mimba waliharibikiwa afya ya akili kuliko waliokataliwa, na waliokataliwa ndio waliozama zaidi katika dhiki ya fedha.

Hapo tena tuwe waangalifu. Hayo ni majibu ya Marekani, ya kliniki zenye wataalamu. Huwezi kuyahamishia Buguruni au Mabatini kama yalivyo, ambako mtu huenda alitolewa mimba chumbani kwa chombo kisichojulikana kimetoka wapi. Tunachoweza kuazima ni namna ya kuuliza: linganisha watu waliosimama mahali pamoja kabla njia hazijaachana.

Nimeliacha la mwisho makusudi, nalo ni kifo. Marehemu haulizwi. Ndiyo maana watafiti huwauliza waliobaki. Mwaka 1989 Wendy Graham na wenzake walichapisha njia waliyoijaribu Gambia: unamuuliza mtu habari za dada zake, wangapi walifika utu uzima, wangapi wamekufa, na kama walikufa wakiwa na mimba, wakijifungua au baada ya kujifungua. Tafiti zetu za afya na idadi ya watu nazo hukadiria vifo vya uzazi kwa kuulizia habari za ndugu. Zilitupa vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016, na 104 katika ule wa mwaka 2022.

Sasa fikirini. Kwanza neno "ndugu" kwetu ni pana, binamu yumo, mtoto wa mama mdogo yumo. Usiposema "waliozaliwa na mama yako mzazi", utahesabu maiti mmoja nyumba tatu. Pili, ndugu hujibu anachokijua. Dada aliyekufa akijifungua, ukoo mzima unajua. Dada aliyekufa kwa mimba ya miezi miwili ambayo hakumwambia mtu, nyumbani wanasema alikufa kwa tumbo, au kwa malaria. Mwanamke huyo alificha akiwa hai, na kifo nacho kikamfichia. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba utoaji mimba usio salama husababisha kati ya asilimia 4.7 na 13.2 ya vifo vya uzazi duniani. Utazameni upana wa pengo hilo. Sehemu yake ni wanawake ambao hakuna aliyeuliza habari zao kwa namna ya kuweza kujibiwa.

Wazee walisema jifya moja haliinjiki chungu. Anayehesabu amheshimu anayeketi na kusikiliza, na anayesikiliza asimdharau anayehesabu. Kabla ya kuchagua njia, kila mmoja aandike swali lake kwa Kiswahili cha sokoni, amsomee muuguzi wa wodi na mwanamke aliyewahi kulazwa humo, awaulize: hili nikikuuliza, utasikia nini? Na kabla ya kuuliza amhakikishie mwanamke kwamba jina lake halitaandikwa na maneno yake hayatafika kwa mtu yeyote. Asiyeweza kuitunza ahadi hiyo asiulize kabisa.

Nasi wasikilizaji na wasomaji tunalo letu. Ukiiona takwimu ya jambo hili, iwe imeletwa na mwenye msimamo kama wako au mwenye msimamo mwingine, usikimbilie kushangilia wala kukasirika. Uliza: aliulizwa nani? Aliulizwa wapi, na nani akisikia? Kwa maneno gani? Na nani hakuwapo?

Yule binti wetu bado anatazama dari. Kesho ataruhusiwa kwenda nyumbani, na katika karatasi zetu mimba yake itabaki imetoka yenyewe. Tungemvutia kiti, tukashusha sauti, huenda angetueleza kilichompata, nasi tungejua la kumfanyia mwenzake atakayeletwa usiku wa leo.