Jina la dada kwenye listi: tuangalie njia ya Jeannine Mabunda

Maneno tuliyosoma mbele ya vijana, komini ya Kamalondo

Jambo kwa wana-Kamalondo, na kwa ninyi muliotoka Kenya, Katuba, Kampemba na Ruashi. Ba yaya wenye kusimama ku mulango, ingieni, viti vingali.

Tuliwaita juu ya jambo moja. Dada zetu watatu wa kundi hili walifikiwa na watu wa vyama, kila mumoja kwa siku yake. Maneno ni yale yale: uko na diploma, uko kijana, unajua kusema, utupatie jina na kopi ya karta ya kura, 2028 utakuwa kandida. Hakuna hata mumoja aliyeonyeshwa karatasi ya kusaini. Mumoja alitumiwa krediti ya simu, basi. Wanatuuliza: tukubali ao tukatae? Sisi wenyewe hatukusikilizana. Wengine walisema siasa ni uchafu, wakae mbali. Wengine walisema kila siku tunalalamika kama vijana na wanamuke hawako Bungeni, sasa mulango unafunguka tunaogopa nini? Basi tuliona vizuri tuchukue njia ya mwanamuke mumoja aliyefika juu kabisa mu Bunge letu la Taifa, tuangalie aliingia ginsi gani na alitolewa ginsi gani.

Jeannine Mabunda alizaliwa 1964. Alisoma sheria Ubelgiji, ku Louvain. Hakuanzia kwenye mikutano ya vyama. Alianzia kwenye banki, Citibank ya Kinshasa, kisha Banki Kuu, kisha akaongoza FPI, ule mufuko wa Leta wa kusaidia viwanda. Mu 2007 akawa waziri wa Portefeuille. Hapa Lubumbashi wazazi wetu wanaijua ile wizara, juu njo inasimamia kampuni za Leta, maana yake Gécamines na SNCC. Ni wakati wake, mu 2008, zilitoka sheria za kugeuza zile kampuni kuwa sosiete za biashara. Mutu mwenye baba ao nkambo aliyetumika Gécamines hana haja tumuelezee zaidi.

Mu 2011 akaenda kutafuta kura ku Bumba, Équateur ya zamani, leo jimbo la Mongala, na akachaguliwa mubunge. Mu 2014 Raisi Joseph Kabila akamuweka mujumbe wake juu ya ubakaji na watoto wanaoingizwa mu vita. Uchaguzi wa 2018, Bumba ikamurudisha tena. Na tarehe 24 Aprili 2019 akachaguliwa raisi wa Bunge la Taifa, mwanamuke wa kwanza kukalia kile kiti tangu uhuru.

Tusimame hapo kidogo. Mu 1960, uchaguzi uliomuleta Lumumba, ba nkambo wetu wanamuke hawakupiga kura. Wanaume peke yao njo walichagua. Wanamuke wa kwanza waliingia Bungeni mu 1970. Kwa hiyo kumuona mwanamuke na ile nyundo mukononi ku Palais du Peuple haikuwa kitu kidogo, hata kwa sisi ambao hatukumupenda.

Na hatukumupenda, tuseme wazi. Katikati ya mwaka 2020 vijana waliandamana Kinshasa na hapa Lubumbashi. Walikuwa wanapinga sheria za Minaku na Sakata juu ya mahakama, tena jina la Ronsard Malonda ambalo Bunge lilikuwa limepitisha ili aongoze CENI. Lile Bunge, yeye njo alikuwa analiongoza. Kuwa mwanamuke hakukumuleta upande wetu, na hakuna aliyekuwa ametuahidi hivyo.

Lakini muangalie ginsi alitoka. Kiti cha raisi wa Bunge hakikutoka Bumba. Kilitoka FCC, muungano wa Kabila, uliokuwa na wabunge zaidi ya 300 kati ya 500. FCC ilisema Mabunda, ikawa Mabunda. Tarehe 6 Desemba 2020 Raisi Tshisekedi akatangaza mwisho wa ndoa yake na FCC. Siku zilizofuata Palais du Peuple ilikuwa mbaya kuliko derby ya Mazembe na Lupopo: wabunge wanapigana, viti vinavunjwa, video tuliona sisi wote. Tarehe 10 wakapiga kura juu ya «pétition» ya kumutoa. Walimushitaki kama pesa ya Bunge inatumiwa bila uwazi na kama anapendelea upande wake. Yeye alikana. Wapiga kura walikuwa 483. Wale 281 walisema aende, 200 walisema abakie.

Fanyeni hesabu. FCC zaidi ya 300, waliosema abakie 200. Maana yake watu wa nyumba yake mwenyewe njo walimutoa, wale wale waliomupa kiti mwaka mumoja na nusu mbele. Na si jambo la wanamuke peke yao. Mu Mei ya ule mwaka, Jean-Marc Kabund wa UDPS, makamu wake wa kwanza, alitolewa na «pétition» vile vile, na Mabunda alikuwa angali raisi wa Bunge. Upanga ulikuwa ule ule, umepita tu mukono mwengine.

Sasa kitu ambacho watu wanasahauka. Alipopoteza kiti cha raisi wa Bunge, alibakia mubunge. Zile kura 281 hazikuweza kugusa kiti cha Bumba. Kile alichopewa na wakubwa kilienda siku moja. Kile alichopewa na watu wa Bumba hawakuweza kumunyanganya. Njo sababu tulichagua habari yake, hata kama siasa yake si yetu.

Turudi ku jina na kopi ya karta. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 14, inataka usawa wa mwanamuke na mwanaume mu kazi za Leta. Kuko tena sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 juu ya ule usawa. Lakini sheria ya uchaguzi, kifungu cha 13, inasema listi itengenezwe kwa kufuata usawa, kisha inaongeza kama listi isiyofuata haitakataliwa juu ya hiyo. Sasa nani atafuata? Mu 2006 wanamuke 42 waliingia kati ya 500. Mu Bunge hili la leo, hata mumoja kwa saba hawafiki.

Mu 2022 wakaweka kitu kipya: listi yenye wanamuke nusu ao zaidi hailipe «caution», ile pesa ya kuweka listi ku CENI. Nia ni nzuri. Lakini tangu siku ile jina la musichana liko na bei, na ile bei haiingie mu mufuko wake. Mukubwa wa listi njo anabakia na makuta yake.

Na kura zenyewe? Kwetu unaweka alama ku kandida mumoja, lakini kura yako inahesabiwa kwanza kwa listi yote. Tuchukue mufano. Listi iko na dada watano, kila mumoja analeta kura 400 za familia, za kanisa, za wenzake wa univ. Hizo 2,000. Mukubwa wa listi analeta 1,500. Listi iko na 3,500, inapata kiti kimoja. Anakaa nani? Mukubwa, juu njo mwenye kura mingi ndani ya listi. Dada watano wamemubeba mugongoni, na «caution» hakulipa. Na hao ni wale wenye bahati. Wengine hata hawawekwe kandida, wanawekwa «suppléant» nyuma ya jina la mwanaume, kungojea afe ao awe waziri.

Kuko mahali wanafanyaka vingine. Nepali, munaikumbuka, ile nchi ambayo vijana waliangusha serikali mu Septemba 2025, na Sushila Karki akawa mwanamuke wa kwanza kuwa waziri mukuu kule. Lakini kuko jambo lilifanyika miaka kumi mbele. Katiba yao ya 2015 inasema mumoja kwa tatu wa wabunge lazima awe mwanamuke. Kama kura za moja kwa moja hazikufikisha ile hesabu, chama kinalazimishwa kujazia kwa listi yake. Tena raisi wa Bunge na makamu wake hawawezi kuwa wanaume wote wawili. Ule mwaka, Oktoba, Onsari Gharti Magar akawa mwanamuke wa kwanza kuongoza Bunge lao. Si mbinguni kule pia: mu 2022, kwa viti 165 vya kura ya moja kwa moja, wanamuke walipata 9 tu. Hao wengine walipita kwa listi, na listi inaandikwa na wakubwa wa vyama. Lakini chama chenye kudanganya hesabu kule kinakamatwa na sheria. Huku kinapokelewa.

Kwa hiyo hatuwaambie dada zetu watatu wakatae. Tunawaambia hivi. Mbele ya kutoa kopi ya karta, uliza: mimi ni kandida ao «suppléant»? Uliza kile chama kitafikisha 1% ya kura za inchi nzima namna gani, juu bila ile 1% listi inaanguka. Uliza nani atalipa mashahidi ku bureau za kura, juu pasipo shahidi hesabu yako inaandikwa na mutu mwengine. Na majibu yawe kwenye karatasi yenye saini. Kisha, chama ao pasipo chama, anza leo kutafuta Bumba yako, avenue kwa avenue, watu wakujue kwa jina lako, si kwa rangi ya T-shirt.

Ba kaka, musicheke. Sisi wote hapa tuko na diploma na hatuna kazi. Wakati tuko nao. Tulikubaliana ya kama dada yeyote wa kundi hili mwenye karatasi mukononi, sisi njo tutakuwa mashahidi wake ku bureau za kura za Kamalondo, bila kulipwa, mpaka karatasi ya matokeo inabandikwa ku ukuta. Majina ya wenye kukubali yanaandikwa pale ku meza. Kwa sasa ni kumi na moja.

Siku ya posho saa nane tutasoma kifungu cha 13 pamoja, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Watu wa vyama wakipenda kuja, waje. Walete karatasi.