Tezi ya Shingo, Chumvi, na Mtoto Aliye Tumboni

Leo tutasemezana juu ya kitu kidogo kilicho mbele ya shingo. Weka vidole chini ya koo, kisha meza mate. Utasikia kitu kinapanda na kushuka. Ni hapo tezi ya shingo inalala, na umbo lake ni kama kipepeo aliyefungua mabawa. Tezi hiyo inatengeneza homoni, ndiyo dawa ya mwili wenyewe. Homoni inaingia katika damu na kuamuru moyo, tumbo, ngozi na akili zifanye kazi kwa mwendo gani.

Ili kuitengeneza, tezi inahitaji iodi. Haihitaji nyingi. Ile ambayo mtu anatumia tangu kuzaliwa mpaka uzee haipiti kijiko kimoja cha chai. Lakini hakuna anayeweza kuimeza yote siku moja; inatakiwa kidogo kidogo, kila siku. Iodi iko nyingi katika bahari. Huku kwetu milimani mvua imeiosha katika udongo tangu zamani, basi mboga zetu na nyama ya mbuzi wetu zina kidogo tu. Tezi ikikosa iodi inajikaza, inakua, nayo shingo inavimba. Ni goita. Mukisikia mtu anasema goita ni laana ya ukoo, mumwambie ni njaa ya tezi.

Kuna jambo lingine. Katika miaka ya 1960, waganga waliofanya uchunguzi katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, walishangaa. Upande wa kaskazini goita ilikuwa nyingi sana, upande wa kusini-magharibi ilikuwa chache, na huku iodi ilikuwa haba pande zote mbili. Sababu gani? Uchunguzi ulifika kwenye chakula, yaani mihogo. Mihogo chungu ina sumu. Sumu hiyo ikiingia mwilini inageuka kuwa kitu kinachozuia iodi isiingie katika tezi. Basi mtu mwenye iodi kidogo anakosa hata hiyo kidogo.

Sisemi tuache bugali. Nani atatushibisha? Nasema mihogo chungu imenywe, ilowekwe siku tatu au nne mpaka ilainike kabisa, kisha ianikwe vizuri juani. Najua wakati wa njaa, au wakati wa kukimbia vita, mama anaitoa majini siku ya kwanza kwa sababu watoto wanalia. Ni wakati huo sumu inabaki. Na sombe nayo itwangwe na kuchemshwa sana, chungu kikiwa wazi.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye uzito. Mtoto aliye tumboni, katika miezi mitatu ya kwanza, tezi yake haijaanza kazi. Ubongo wake unajengwa kwa homoni ya mama. Mama akikosa, mtoto anakosa, hata kama shingo ya mama haimuumi. Na wengi wenu munakuja kliniki ya mimba mwezi wa sita au wa saba! Ndiyo maana chumvi yenye iodi haingojei mimba ionekane. Msichana aliye nyumbani, bibi arusi, wote waile sasa.

Mtoto aliyepungukiwa sana anaweza kuzaliwa na uzito mzuri, na jamaa wanashangilia. Kisha wanamsifu: "Mtoto huyu mpole, halii, analala tu." Mama, usifurahie upole huo upesi. Angalia: ananyonya kwa ulegevu? Haja yake inakawia? Manjano ya macho haiishi baada ya majuma mawili? Kitovu kimetokeza, ulimi ni mnene, ngozi ni baridi? Mlete upesi. Akipewa dawa ya tezi katika majuma ya kwanza, anaweza kukua na akili yake. Akiletwa akiwa na miaka miwili kwa sababu hatembei, dawa itamwongeza urefu, lakini akili iliyopotea hairudi yote.

Kule Ubangi, ambako vijiji vingine vilikuwa na watoto wengi wa namna hiyo, katika miaka ya 1970 wamama wenye mimba walipigwa sindano ya mafuta yenye iodi. Sindano moja ilidumu miaka. Tangu miaka ya 1990 njia kubwa katika Congo ni chumvi, na goita imepungua sana. Lakini iodi inakimbia. Chumvi iliyomwagwa sokoni juani, au iliyonyeshewa, inapoteza iodi yake. Wengine wanaosha chumvi ya mawe ili iwe nyeupe, wanaosha dawa! Nunua ile ya mfuko uliofungwa, itie katika mkebe wenye kifuniko, mbali na moto, na uitie katika mboga karibu na kuiva. Usiongeze kipimo, chumvi nyingi inapandisha damu.

Na mama mwenyewe je? Tezi ikilegea unachoka bila kazi, unasikia baridi wakati wengine wanatoka jasho, haja ni ngumu, uso unavimba, sauti inakuwa nzito, damu ya mwezi inakuwa nyingi. Mume anasema umekuwa mvivu. Njoo upimwe damu kabla ya kugombana naye.

Tezi inaweza kulegezwa na dawa za ugonjwa mwingine pia. Vidonge vya kansa ya figo, kama sunitinib iliyoanza kutolewa mwaka 2006, vinanyima uvimbe mishipa ya damu. Tezi ya shingo nayo ina mishipa mingi, basi inaumia. Kama mzazi wako ametoka hospitali ya mbali na vidonge vya namna hiyo, akaanza kuchoka na kusikia baridi, musiseme "ni kansa tu", wala musivitupe. Munganga atapima tezi. Mara nyingi kidonge cha tezi kinaongezwa, na dawa ya kansa inaendelea.

Kidonge hicho kinaitwa levotiroksini. Unakimeza asubuhi kwa maji, kabla ya chakula. Ukipata mimba usikiache. Sema mapema, kwa maana kipimo kwa kawaida kinapaswa kuongezwa. Tena kisimezwe pamoja na vidonge vya damu tunavyowapa hapa kliniki, kwa sababu chuma kinakishika tumboni. Ngoja saa nne katikati. Wengi wanameza vyote pamoja ili wasisahau. Kimoja alfajiri, kingine baada ya bugali ya mchana.