Safura Si Uvivu



Leo sikuja kusema habari ya mishahara. Nataka kusema habari ya damu.

Katika genge letu la kubadili mataruma alikuwako kijana mwenye nguvu sana. Akaanza kuchoka. Akiinua nyundo mara tatu, pumzi zinamwishia na moyo unampiga mbio. Mnyapara akamwita mvivu, akamkata mshahara wa siku mbili. Na sisi, nasema kwa aibu, tulimcheka. Kumbe mwenzetu ni mgonjwa. Daktari alipomvuta kope ya chini, ndani palikuwa peupe. Damu ilipopimwa ilikuwa imepungua mno, na katika choo chake yakaonekana mayai ya minyoo ya safura.

Mayai hayo huanguliwa katika udongo wenye unyevu penye mavi ya watu. Watoto wa minyoo huingia kwa ngozi ya mguu usio na kiatu, husafiri mwilini hata matumbo, na huko hunyonya damu kila siku. Damu hutaka chuma ili ichukue hewa. Chuma kikiisha, mtu ni kama injini isiyo na mafuta.

Wala si sisi tu. Vibarua waliotoboa mlima kupitisha reli ya Gotthard, huko Uswisi, waliugua hivyo hivyo kwa wingi. Mwaka 1880 Perroncito, mtaalamu wa Turin, akaonyesha kwamba ni minyoo. Mle ndani hamkuwa na vyoo.

Dawa ya minyoo ni rahisi, lakini peke yake haitoshi. Vidonge vya chuma humezwa mpaka damu irudi, kisha kwa miezi 3 hivi zaidi. Choo kikiwa cheusi, msiogope. Kuleni maharagwe, dagaa, na ini mkipata, pamoja na chungwa. Chai ingojeni saa moja au mbili baada ya chakula, maana huzuia chuma. Najua hapo nimewaudhi!

Lakini kapimweni kwanza. Malaria nayo huharibu damu, mama mjamzito hupungukiwa, na wengine wamezaliwa na selimundu, ambayo chuma hakiiponyi.

Kijana yule amerudi kazini. Siku zake mbili hazijalipwa. Bwana Katibu, naomba uandike: siku hizo zilipwe, kila genge lipewe viatu, na kila kambi ichimbiwe choo.