Biashara Hii ni ya Nani Kisheria?



Nimeombwa nizungumzie maswali ya sheria yanayowasumbua wenzetu wenye biashara ndogo ndogo hapa Birmingham. Niseme mapema kwamba mimi si mwanasheria, mimi ni nesi. Nimekubali kusimama hapa kwa sababu nimeshaumia, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Mimi na mdogo wangu tulianza kwa kupika pilau na biriani za maharusi. Wateja wakaongezeka, tukasajili kampuni, tukapanga duka upande wa Sparkbrook. Kila tuliyemuuliza alisema ukishakuwa na kampuni, deni ni la kampuni, wewe uko salama. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nyuma ya mkataba wa pango kulikuwa na ukurasa wa udhamini wenye jina langu mimi, si la kampuni. Nikausaini asubuhi, nimetoka zamu ya usiku, macho mazito. Biashara ilipokufa, mwenye jengo hakuhangaika na kampuni. Alinitafuta mimi. Nimelipa miezi 14 pango la duka lililofungwa, kwa pesa za zamu za ziada, na mdogo wangu hatukusemeshana mwaka mzima.

Kwa hiyo kila mtu anapokuja kuniuliza habari za kodi, leseni au mwenye nyumba, mimi humrudishia swali: kwenye karatasi, biashara hii ni ya nani?

Wengi wetu hatuna kampuni. Unasuka nywele sebuleni, unauza vitenge na dira. Hapo sheria ya Uingereza haikutenganishi na biashara yako, deni lake ni deni lako hadi kwenye gari lako. Si kosa kuanza hivyo, ila mamlaka ya kodi, HMRC, ikujue. Tangu Aprili 2017 mauzo ya mwanzo ya pauni 1,000 kwa mwaka hayatozwi kodi. Nasema mauzo, si faida, maana watu wengi huchanganya hapo. Yakizidi, usisubiri barua. Mwaka wa kodi unakwisha tarehe 5 Aprili, na mwisho wa kujisajili ni tarehe 5 Oktoba inayofuata.

Mkiwa wawili mnagawana faida bila kampuni wala maandishi, msidhani sheria haiwaoni. Iko sheria ya ubia ya mwaka 1890, mpaka leo inafanya kazi. Inawahesabu kuwa wabia, faida nusu kwa nusu hata kama mmoja ndiye anayeamka alfajiri kukanda unga, na deni alilochukua mwenzako kwa ajili ya biashara linaweza kukufikia wewe. Mmoja akifariki, ubia unavunjika, isipokuwa mmeandikiana vingine. Sisi tunaona haya kuandikiana na shoga yetu, tunasema tunaaminiana. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tunaaminiana.

Sasa chakula, na hapa nitakaa kidogo maana ndiyo kazi yangu na ndiyo biashara ya nusu ya waliomo humu. Hata ukipikia jikoni kwako, unatakiwa ujisajili kwa halmashauri ya jiji siku 28 kabla ya kuanza. Ni bure. Watu wanaogopa kwamba wakijisajili wataletewa mkaguzi. Ndiyo, atakuja! Afadhali yeye kuliko polisi.

Mwaka 2016 binti wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alikula mkate uliokuwa na ufuta ndani ya unga wake. Kwenye karatasi ufuta haukutajwa. Alikuwa na aleji, akafariki. Kwa ajili yake sheria ilibadilishwa, na tangu Oktoba 2021 ukifungasha chakula mapema na kukiuza pale pale kwenye meza yako, lazima uandike jina lake na vyote vilivyomo, na vile vya aleji, viko 14, vionekane wazi. Ukiuza kwa simu, mteja aambiwe kabla hajalipa, na tena anapopokea. Sasa fikirini mkate wetu wa ufuta, kashata za njugu, vileja. Mimi nimeona mtu akivimba koo. Hapaulizwi kama ulikuwa na nia njema.

Kuhusu viza nitasema kwa ufupi. Mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri. Nesi mwenzangu uliyekuja kwa viza ya kazi ya afya, umeletwa kwa kazi ile, si kufungua saluni. Mume au mke aliyekuja kwa mgongo wako yeye anaruhusiwa, lakini basi biashara iwe yake kweli, si jina tu.

Na mchezo huo wa kuazima jina ndio tunaoucheza nyumbani. Tanzania haina uraia pacha. Ukila kiapo hapa kwa hiari yako, wa kule umekwisha, na hadhi maalumu si uraia. Wakenya mliomo humu mna bahati, katiba yenu ya 2010 iliwaruhusu. Julai 2025 ikatoka amri Tanzania Bara ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15: rejareja, saluni, kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu, udalali na nyinginezo. Mgeni faini yake haipungui shilingi milioni 10. Raia anayemsaidia, milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Malalamiko ya wafanyabiashara wa Kariakoo nayaelewa, lakini wavu uliotupwa kwa wageni umetuvua na sisi watoto wa nyumba ile ile.

Mimi nilikuwa na kibanda cha kutuma pesa Mbagala, anakisimamia mdogo wangu wa kiume. Nilipokula kiapo, nikampigia kumwambia twende kwa wakili tuandike kwamba kibanda ni chake moja kwa moja, sina changu tena. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Na wewe, dada?" Nikamwambia, mimi kwenye karatasi ni mgeni. Tukaandika.

Chai ipo nyuma, na mkate una ufuta.