Chakula Kinapomkwama Mtoto

Mtoto anayetafuna nyama kwa muda mrefu, anayeshushia kila tonge kwa maji au anayetapika mara kwa mara, huenda hadeki. Umio wake, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, unaweza kuwa na uvimbe wa mzio.

Wahusika wa uvimbe huo ni eosinofili, chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake mojawapo ni kupambana na minyoo. Kwa watoto hawa huvamia umio, mara nyingi kwa sababu ya maziwa, ngano au mayai. Ili kuthibitisha, daktari huingiza kamera kupitia mdomo, huchukua vipande vidogo vya nyama ya umio na kuvipima. Eosinofili 15 au zaidi katika eneo moja la hadubini huashiria ugonjwa huu.

Tiba ni dawa za kupunguza asidi, steroidi ya kumeza, au kuacha chakula kinachochochea. Dawa inayomfaa mmoja huenda isimfae mwingine. Nafuu peke yake haitoshi: kipimo hurudiwa kuona kama chembe zimepungua.

Mzazi, usimwachishe mtoto vyakula kiholela, muone daktari. Chakula kikikwama na mate hayapiti, mkimbize hospitali.