Mita 60 za Ufukwe: Manispaa Itujengee Kambi ya Wasafiri

(Maneno yaliyosemwa kwenye kikao cha vijana, Bukoba Mjini)



Nitaongea kwa kifupi maana jua linazama na wenzetu wa Muleba wana gari la kuwahi.

Tukisikia kambi ya wasafiri tunamuwaza mzungu na begi lake. Sawa, huyo yupo. Anaingia Mutukula akitokea Uganda, na tangu 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalipofanywa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, sababu za kupita Muleba zimeongezeka. Ila mimi namuwaza mama wa Kamachumu, mzigo kichwani, mtoto mgongoni. Basi la Dar linaondoka alfajiri, yeye kafika mjini jana yake jioni. Hela ya gesti hana. Analala wapi? Msicheke, wengine wenu mmeshalala hapohapo stendi juu ya mabegi.

Nasema hivi: Manispaa itenge kipande cha ufukwe, mchana kiwe bustani ya wazi, usiku kambi, na ikiendeshe yenyewe. Ada ndogo yenye risiti. Taa, mlinzi, bomba, choo. Basi.

Watatuambia sheria inakataza. Tuisome basi! Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Haya, hema lina msingi? Hema linang'olewa asubuhi, nyasi zinabaki. Choo na ofisi vikae nyuma ya hizo mita. Cha kudumu ni ukuta wa tofali, na hatujasikia mama wa Kamachumu akijenga ukuta.

Kwa nini asipewe mwekezaji? Simchukii. Wapo watu binafsi waliokaribisha wageni ufukweni hapa kwa jasho lao, nawapa heko. Lakini hesabu ya mwekezaji ni soda na muziki. Kijana wa Kashai anayetaka kukaa tu akiangalia kisiwa cha Musira, bila kununua kitu, huyo kwake si mteja. Kwa Manispaa ni mwenye mali.

Kamanda mmoja kaniuliza pale nje: hiyo ada haitaliwa? Inaweza kuliwa, sikatai. Ndiyo maana tunataka mapato na matumizi yabandikwe kila mwezi kwenye ubao wa mtaa, siyo yasomwe haraka haraka kikaoni.

Sasa kazi. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016 inataka ujibiwe ndani ya siku 30. Barua kwa mkurugenzi tumeshaandika: tunaomba ramani ya maeneo ya wazi ya ufukweni na mikataba iliyopo, kama ipo. Muleba, ufukwe wenu ni mrefu kuliko wetu, chukueni nakala mkaandike ya kwenu. Iko kwa katibu pale mezani. Kalamu ni mbili tu, kwa hiyo pangeni foleni.