Fizikia na Dagaa wa Ziwa Letu



Tumepewa heshima ya kusema juu ya utafiti wa fizikia katika siku hizi, na jinsi unavyogusa maisha ya watu. Wengi walisikiapo neno hilo hufikiri habari za mbali, za atomu na mitambo mikubwa ya Ulaya. Sisi twataka kuonyesha ya kwamba fizikia iko hapa Kigoma, katika maji tuyatazamayo kila siku kutoka Kibirizi hata Ujiji, na ya kwamba kisahani cha dagaa mezani kwetu kinaitegemea.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zipatazo 670, na kina chake kikubwa ni kama meta 1,470. Lakini maji hayo yote hayana tabia moja. Ya juu yana joto zaidi, nayo ni mepesi. Ya chini yana baridi kidogo, nayo ni mazito. Kwa hiyo yamekaa matabaka, kama mafuta juu ya mchuzi. Ukishapita meta 100 au 200 hivi kwenda chini, hakuna oksijeni ya kumfaa samaki. Kila kifacho huzama na kuozea huko, na mbolea yake hubaki vilindini kama akiba iliyofungiwa kabatini.

Mwenye ufunguo wa kabati hilo ni upepo. Katika miezi ya kiangazi, tangu Mei hata Septemba, upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na huko kusini maji ya baridi hupanda pamoja na mbolea yake. Upepo utuliapo, matabaka hurudi yakiyumba, kama maji katika karai lililobebwa kichwani. Ila huyumba polepole mno, hata safari moja ya kwenda na kurudi huchukua majuma kadhaa. Kwa mbolea hiyo humea mwani mdogo usioonekana kwa macho. Wadudu wadogo wa majini hula mwani, dagaa hula wadudu, migebuka hula dagaa, na sisi twala wote wawili.

Sasa twafika penye jambo zito. Maji ya juu yakizidi joto huwa mepesi zaidi, na upepo ule ule hushindwa kuyachanganya na ya chini. Tena, ongezeko la digrii moja katika maji ya joto kama yetu, yaliyo karibu na digrii 25, hupunguza uzito wake kuliko ongezeko lile lile katika maji ya baridi ya Ulaya. Basi badiliko ambalo mkono hauwezi kulihisi latosha kuikaza kufuli.

Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake waliandika katika jarida la Nature ya kwamba uzazi wa mwani wa ziwa hili huenda umepungua kwa asilimia 20 hivi, na ya kwamba mavuno ya samaki yaweza kupungua kwa asilimia 30 hivi kwa sababu hiyo. Wataalamu wengine walibisha, wakisema wingi wa nyavu usisahauliwe. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walieleza waliyoyaona katika matope ya chini ya ziwa, yalundikanayo mwaka kwa mwaka kama majalada ofisini: mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara kuanza katikati ya karne ya 20. Hatusemi ya kwamba nyavu hazina hatia. Twasema ya kwamba ziwa lililopungukiwa na chakula haliwezi kustahimili nyavu zile zile.

Mwaka 2024 uvuvi upande wetu wa Tanzania ulifungwa tangu tarehe 15 Mei hata 15 Agosti, kwa mapatano ya nchi nne zenye ziwa hili. Kwa mvuvi, na kwa mama aanikaye dagaa mchangani, miezi mitatu pasipo kazi si jambo dogo, nao wana haki ya kuuliza sababu. Aulizwaye kwanza si mtaalamu, bali ni mtumishi aliye mezani. Akijibu, "Ni amri," na kunyamaza, amepanda chuki. Yampasa aseme kweli yote: kufunga ziwa huwapa samaki nafasi ya kuzaa na kukua, lakini hakupozi maji, na aliyeyatia joto si mvuvi wa Ujiji, bali ni moshi wa viwanda na magari ya dunia nzima.

Jambo la mwisho latuhusu sisi makarani hasa. Watafiti walijuaje ya kwamba ziwa limepata joto? Walilinganisha vipimo vyao na vya zamani, kama vile vya R. S. A. Beauchamp, aliyechapisha habari za maji ya ziwa hili mwaka 1939. Aliyeandika tarakimu zile kwa uaminifu hakujua nani atazisoma. Leo pia kuna madaftari ya upepo, ya mvua na ya samaki washushwao mialoni. Karani ajazaye daftari la juma zima Ijumaa jioni kwa kukisia, amewaibia watu ambao hawajazaliwa. Dagaa waliooza hujulikana kwa harufu. Tarakimu ya uongo hainuki, nayo hukaa jaladani miaka mia.

Basi twaomba chama hiki kiwaalike wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, walio na kituo hapa hapa Kigoma, waje kutufundisha. Na kila mwanachama aliyekabidhiwa daftari aliandike siku kwa siku, kama alivyoona, hata kama siku hiyo hakuna alichokiona.